Chenene na Majina Yake

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima: Historia

Natumaini kikundi kimekwisha kukaa, na madaftari yako tayari. Kabla ya kuanza somo namwomba kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno mawili, kwa herufi kubwa, ili hata walio nyuma waone. Neno la kwanza ni SENENE. Neno la pili ni CHENENE.

Yatazameni maneno hayo. Tofauti yake ni ndogo: moja laanza kwa S, na la pili laanza kwa CH. Lakini wadudu wenyewe ni mbalimbali kabisa. Senene ni yule arukaye kwa makundi wakati wa mvua, ambaye watu wa Bukoba na wa Uganda humkamata usiku penye taa, wakamkaanga na kumla kwa furaha. Chenene ni jamaa yake wa mbali, mwenye rangi ya udongo, aishiye chini ya ardhi, akatao mizizi ya miche bustanini. Mtu akimwandikia bwana shamba barua kwamba senene wameingia katika bustani yake, naye alitaka kusema chenene, bwana shamba atadhani mwenzake amepata kitoweo, kumbe amepata hasara.

Somo letu la leo ni habari ya kosa la namna hiyo hiyo, lakini kubwa zaidi. Ni historia ya watu wenye elimu nyingi waliomwita mdudu mmoja kwa jina la mwingine. Tutaona jinsi wakulima walivyoumia, na jinsi jina lilipopata kusahihishwa ndipo njia ya kuwaokoa ilipoonekana.

CHENENE NI MDUDU GANI?

Chenene ni wa jamii ya panzi na nyenje. Urefu wa wengi wao ni kiasi cha sentimita 3 hadi 5. Mwili wake umefunikwa na vinyweleo vifupi, laini kama mahameli. Lakini cha ajabu zaidi ni miguu yake ya mbele. Ni mifupi, mipana, migumu, na ina meno kama ya reki. Kwa miguu hiyo huchimba njia chini ya udongo upesi sana. Ukiutazama mguu wa mbele wa chenene, kisha ukautazama mkono wa fuko, utadhani fundi aliyeitengeneza ni mmoja, ingawa fuko ni mnyama mwenye damu ya moto na chenene ni mdudu.

Kwa ajili hiyo Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeanzisha desturi ya kuwapa viumbe wote majina ya Kilatini, alimwita chenene wa Ulaya kwa kuunga maneno mawili, nyenje na fuko. Hayo yalikuwa mwaka wa 1758. Lakini watu wa mashambani walikuwa na majina yao tangu zamani. Mwaka wa 1789 padri mmoja wa Uingereza, Gilbert White, alitoa kitabu juu ya viumbe wa kijiji chake cha Selborne. Humo alieleza kuwa watu wa sehemu mbalimbali za nchi walimwita chenene kwa majina mbalimbali: mengine yalifuata sauti yake ya jioni, na mengine yalifuata mahali penye majimaji alipokaa.

Leo wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya aina 100 za chenene duniani. Wako Afrika, Ulaya, Asia, Australia na Amerika. Si wote walio waharibifu. Wengine hula mizizi na majani, na wengine hula minyoo na wadudu wenzao. Tena huko Ufilipino, katika jimbo la Pampanga, watu huwakaanga na kuwala. Kwa hiyo mtu akisema tu “chenene,” hajasema yote. Inafaa aulizwe: chenene yupi?

KUJUANA KWA SAUTI

Swali hilo ni gumu, maana chenene wengi wanafanana mno. Ukiwaweka wawili juu ya meza, huenda usione tofauti yoyote. Lakini kuna njia nyingine ya kuwatambua, nayo ni sauti.

Jua likiisha kutua, chenene dume huimba akimwita jike. Haimbi kwa kinywa, bali kwa kusugua mabawa yake ya mbele. Naye haimbi mahali popote tu. Kwanza hujichimbia tundu maalum lenye mdomo uliopanuka kama mdomo wa siwa au tarumbeta, kisha hukaa ndani yake. Tundu hilo huikuza sauti. Mwaka wa 1970 mtaalamu wa Uingereza, Henry Bennet-Clark, alieleza habari za chenene wa Ufaransa ambaye sauti yake yaweza kusikika mbali, kiasi cha mita 600. Kabla ya hapo chenene huyo alidhaniwa kuwa sawa na wenzake wa Ulaya. Kwa sauti yake na kwa tundu lake alijulikana kuwa aina nyingine, akapewa jina linalotokana na mashamba ya mizabibu.

Jambo hili tulikumbuke, kwa maana tutakutana nalo tena mbele.

JINA LA AFRIKA LILILOSAFIRI

Sasa tutazame jina linalotuhusu sisi. Mwaka wa 1805 Mfaransa Ambroise Palisot de Beauvois, ambaye alikuwa amesafiri Afrika ya Magharibi, alimpa chenene wa huko jina la Kilatini lenye maana ya “chenene wa Afrika.” Jina lilikuwa jema. Mdudu alitoka Afrika, na jina likasema Afrika.

Lakini baadaye wataalamu wa nchi nyingine walipoona chenene wafananao na huyo, walichukua jina lile lile. Chenene wa Japani akaitwa wa Afrika. Wa China vile vile. Wa Ufilipino vile vile. Hata chenene walioingia katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, wakaharibu miwa, nao wakaitwa chenene wa Afrika. Ikawa kana kwamba bara letu limetuma wadudu wake kila pembe ya dunia.

Mwaka wa 1983 chenene wa Afrika walichunguzwa upya huko London, katika jumba la makumbusho lenye wadudu waliokusanywa kwa muda mrefu. Ikaonekana kwamba jina moja lilikuwa limefunika aina nyingi. Wale wa Asia ya Mashariki na wa Hawaii hawakuwa wa Afrika. Walikuwa na jina lao wenyewe, “chenene wa mashariki,” ambalo mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Burmeister alikuwa amekwisha kulitoa tangu mwaka wa 1838. Jina la kweli lilikuwa kitabuni siku zote, lakini watu hawakulitumia.

Je, jambo hili lina maana gani kwa mkulima? Lina maana kubwa. Huko Hawaii, mwaka wa 1925, mtaalamu wa chama cha wenye mashamba ya miwa, F. X. Williams, alileta nyigu wa kuua chenene. Hakuwaleta kutoka Afrika, bali kutoka Ufilipino, katika Asia. Nyigu wale walikaa, wakazaa, wakafanya kazi yao. Kama mtu angelifuata jina peke yake, angelipanda meli kuja Afrika kutafuta dawa ya mdudu wa Asia.

CHANGA WA PUERTO RICO

Tuvuke bahari sasa, twende Amerika. Katika kisiwa cha Puerto Rico kuna chenene ambaye watu wa huko humwita changa. Aliharibu sana tumbaku, miwa na mboga. Mwaka wa 1902 kituo cha utafiti wa kilimo cha kisiwa hicho kilitoa kijitabu kizima juu yake. Wakulima wa tumbaku walijitahidi kwa njia zao wenyewe. Walipopanda mche, waliuzungushia jani gumu la mti wa matunda uitwao mamey, ili changa asiupate. Fikirini kazi hiyo, ndugu zangu: kuuvika kila mche nguo yake, mmoja mmoja, shamba zima.

Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Puerto Rico walikwenda Brazil, upande wa mto Amazoni, wakaleta nyigu wa jamii iitwayo Larra. Kazi ya nyigu huyu tuieleze vizuri, kwa sababu ndiyo kiini cha somo letu.

Nyigu jike huingia katika njia ya chenene chini ya udongo. Chenene hushtuka akakimbilia nje. Nyigu humfuata, akamchoma mwiba, na chenene hulegea asiweze kusogea. Ndipo nyigu hutaga yai moja chini ya kifua cha chenene, kisha akaenda zake. Baada ya dakika chache chenene huzinduka, akarudi shimoni kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini amebeba mauti yake. Yai huanguliwa, funza hutoka, akamnyonya chenene na mwishowe kumla. Katika udongo ule ule funza hugeuka kuwa nyigu mpya.

Nyigu huyu hashughulikii nzi wala panzi wala nyuki. Kwa watoto wake anataka chenene tu, tena si chenene yeyote. Kila aina ya nyigu hawa ina chenene wake. Basi mtu akitaka msaada wa nyigu, sharti kwanza ajue chenene wake ni yupi.

WAGENI KATIKA FARUMI

Sasa tumefika katika habari yenyewe. Kusini mashariki mwa Marekani kuna majimbo mawili jirani, Georgia na Florida. Tangu zamani huko kulikuwa na chenene mmoja tu wa kawaida, anayeitwa chenene wa kaskazini. Hakumsumbua mtu sana. Naye alikuwa na nyigu wake wa jamii ya Larra, wa nchi ile ile, aliyemfuata shimoni siku zote.

Mwaka wa 1899 chenene wapya wakaonekana. Mmoja, mwenye rangi ya kahawia iliyopauka, alipatikana Brunswick, bandari ya Georgia. Mwingine, mwenye mabawa mafupi asiyeweza kuruka, alipatikana Tampa, bandari ya Florida. Mwaka wa 1904 akaonekana wa tatu, huko huko Brunswick. Tazameni mahali walipoonekana: bandarini, bandarini, na tena bandarini.

Mabaharia wa pwani yetu wanajua maana yake. Meli isiyo na mzigo wa kutosha hupepesuka baharini, kwa hiyo hutiwa kitu kizito tumboni. Kitu hicho huitwa farumi. Zamani farumi ilikuwa mawe, mchanga au udongo. Meli zilizokuja Brunswick kuchukua mbao hutia farumi ya udongo huko zitokako, na zikifika huimwaga pwani, kisha hupakia mbao. Wataalamu wanaona kwamba ndani ya udongo wa namna hiyo, kutoka upande wa kusini wa Amerika ya Kusini, walifichwa chenene wale watatu. Hawakulipa nauli, wala hawakuonyesha pasi.

Walifika katika nchi yenye mchanga, joto na mvua, kama kwao. Lakini adui zao walibaki ng'ambo. Yule nyigu wa chenene wa kaskazini hakuwajua wala hakuwataka. Basi wakazaana. Wawili wenye kuruka wakaenea mwaka hadi mwaka, mpaka wakafika majimbo mengine ya jirani. Yule asiyeruka alibaki zaidi karibu na pwani.

Hasara ilikuwa kubwa. Waliharibu miche ya mboga, wakaharibu nyasi za bustani na viwanja vya michezo. Zaidi ya yote waliharibu malisho ya ng'ombe. Mfugaji aliamka akakuta nyasi zimekauka, na akizivuta kwa mkono zinatoka bila mizizi, kama nywele bandia.

KOSA LA MAJINA

Sasa sikilizeni kwa makini. Chenene yule wa rangi ya kahawia alipoonekana, watu walisema, “Huyu ni changa wa Puerto Rico.” Ndivyo alivyoitwa kwa miaka mingi. Alifanana na changa, lakini hakuwa changa. Alikuwa aina nyingine, na kwao ni Amerika ya Kusini, mbali sana na Puerto Rico.

Yule wa tatu alipata bahati mbaya zaidi. Mwaka wa 1916 wataalamu wawili wa Philadelphia, James Rehn na Morgan Hebard, walimchunguza wakaona hajaandikwa katika kitabu chochote walichokijua. Wakampa jina jipya, kana kwamba ni mdudu asiyepata kujulikana popote. Kumbe alikuwa amekwisha kupewa jina mwaka wa 1894 na mtaalamu wa Italia, Giglio-Tos, kutokana na chenene wa Amerika ya Kusini. Mdudu mmoja akawa na majina mawili, moja kwao na moja ugenini, kama mtu aliyehama mji akabadili jina. Ni mwaka wa 1992 ndipo majina hayo mawili yalipotangazwa rasmi kuwa ya mdudu mmoja. Hesabuni wenyewe: kutoka 1916 hadi 1992 ni miaka 76.

Jina lisilo sahihi huficha nyumbani kwa mdudu. Ukimwita mdudu jina la Puerto Rico, utatazama Puerto Rico. Ukimpa jina jipya la hapa hapa, hutakwenda kumtafutia adui ng'ambo, maana utaamini kwamba ng'ambo hayupo.

Wakati huo wakulima walihitaji msaada, nao msaada uliokuwa karibu ni sumu. Kwanza walitumia pumba zilizotiwa sumu, wakazimwaga mashambani jioni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja dawa kali iitwayo klodeni. Ilikuwa rahisi na iliua vizuri. Lakini klodeni haiishi upesi. Hukaa katika udongo miaka mingi, na huingia katika miili ya wanyama na ya watu. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilizuia matumizi yake mengi. Wafugaji wa Florida wakajikuta hawana silaha, na chenene wako pale pale.

SAFARI YA KUTAFUTA ADUI

Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1970 jimbo la Florida likatoa fedha ili Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, kitafute njia nyingine.

Kazi ilianza kwa kusikiliza. Mtaalamu mmoja wa chuo hicho, Thomas Walker, alijua sana nyimbo za nyenje. Yeye na wenzake walipima sauti za chenene kwa mashine. Wakaona kwamba wimbo wa mmoja una mapigo kiasi ya 50 kwa sekunde, na wa mwingine kiasi ya 130. Kisha wakatengeneza chombo cha umeme cha kuiga nyimbo hizo, wakakiweka juu ya ndoo wakati wa machweo. Chenene wakaja wakiruka, wakidhani wanaitwa na mwenzao, wakaanguka ndani. Kila aina ilifuata wimbo wake. Kwa njia hiyo waliweza kuwahesabu usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, bila kuwachanganya.

Mwaka wa 1981 Walker na mwenzake David Nickle walitoa maelezo mapya juu ya asili ya wageni hawa. Walionyesha kwamba walitokea sehemu za kusini za Amerika ya Kusini na kwamba waliingia kwa meli. Sasa njia ilikuwa wazi. Wataalamu wakaenda Brazil, Uruguay na Bolivia kuuliza swali moja: huko kwao, nani huwala?

Walirudi na majibu matatu.

Jibu la kwanza lilikuwa nyigu Larra. Mwaka wa 1981 walianza na wale waliokuwa Puerto Rico, ambao asili yao ni Amazoni. Walishika mahali pamoja tu, upande wa Fort Lauderdale, wala hawakufaa sana. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaleta nyigu wa aina ile ile kutoka Bolivia, karibu na mji wa Santa Cruz, wakawaachilia Gainesville. Hawa walistawi na kuenea hata kuvuka mpaka wa jimbo. Kumbe hata jina likiwa moja, inafaa pia kuuliza: umetoka wapi?

Jibu la pili lilikuwa mnyoo mdogo sana, usioonekana vizuri kwa macho, uliopatikana Uruguay na kuletwa Florida mwaka wa 1985. Mnyoo huu huingia ndani ya chenene ukiwa na vijidudu vyake. Vijidudu humwua chenene, na mnyoo huzaa ndani ya mzoga. Kisha minyoo mingi sana hutoka kutafuta chenene wengine.

Jibu la tatu lilikuwa nzi mwenye macho mekundu kutoka Brazil, aliyeachiliwa mwaka wa 1988. Nzi huyu ana masikio. Usiku humsikia chenene dume akiimba, akamfuata. Chenene humwita mke, na anayekuja ni nzi. Nzi huacha funza wake wadogo juu ya chenene au karibu naye, nao humwingia na kumla kwa ndani.

Huenda mtu katika kikundi akauliza, “Je, si hatari kuleta wageni wengine ili kuwaua wageni wa kwanza?” Ni swali zuri. Mwaka wa 1935 vyura wakubwa wa Amerika waliletwa Queensland, Australia, wawale wadudu wa miwa. Hawakuwamaliza wadudu, bali wao wenyewe wakawa balaa mpaka leo, kwa sababu chura hula chochote. Wataalamu wa Florida walilijua hilo. Kabla ya kuwaachilia viumbe wao waliwajaribu kwanza, waone kama watamdhuru yule chenene wa kaskazini asiye na kosa, au wadudu wengine wa nchi. Walichagua adui achaguaye, siyo mlafi.

Matokeo yalikuja polepole, kama mti unavyokua. Ndoo za Gainesville ndizo zilizotoa ushahidi. Mwaka wa 2006 Walker na mwenzake Howard Frank walieleza kwamba idadi ya chenene waharibifu walioingia ndooni ilikuwa imepungua kiasi cha asilimia 95. Yaani, palipokuwa na chenene 100, walibaki kama 5. Hawakwisha kabisa, wala haikutazamiwa waishe, maana wakiisha nyigu naye atakufa njaa. Lakini sasa wana adui kama walivyokuwa nao kwao.

HABARI HII NA MUHOGO WETU

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani peke yake. Wazee wa kikundi huenda wakamkumbuka kidung'ata wa muhogo, yule mdudu mdogo mwenye unga mweupe anayekunja majani ya juu. Alionekana Kongo mwaka wa 1973, akaenea Afrika, akaleta njaa katika nchi nyingi zilao muhogo. Wataalamu walikwenda Amerika ya Kusini, asili ya muhogo, kumtafutia adui. Kwanza walimpata upande wa kaskazini mdudu aliyefanana naye mno. Wakachukua adui zake, lakini hawakufaa kitu. Mbona? Kwa sababu mdudu yule alikuwa aina nyingine. Mwaka wa 1981 kidung'ata mwenyewe alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo sana amshambuliaye. Mwaka ule ule nyigu huyo aliachiliwa Nigeria, na baadaye katika nchi nyingine nyingi za Afrika, ikiwamo Tanzania. Muhogo ukapona. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

Ndugu zangu, hapa ndipo mafundisho ya historia hii yalipo. Vitu vifananavyo si kitu kimoja. Mwenye kujifunza kusoma analijua jambo hili kuliko wote, kwa sababu anahangaika nalo kila jioni: P na B, L na R, S na CH. Huenda mtu akakucheka ukirudia neno mara tatu ili upate herufi moja. Mwache acheke. Wataalamu wakubwa walikosa jina moja, na kosa likadumu miaka 76.

Basi ukiona mdudu mgeni shambani, usikimbilie sumu. Mtie katika chupa yenye kifuniko. Andika katika karatasi jina la kijiji chako, tarehe, na mmea uliomkuta akila. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba. Karatasi hiyo fupi, iliyoandikwa kwa mkono wako, ina maana kuliko unavyodhani, kwa sababu katika habari zote tulizosikia leo swali lililotafutwa ni hilo moja: huyu ni nani, naye ametoka wapi?

MANENO YA KUJIFUNZA

Farumi: kitu kizito kinachotiwa chini katika chombo cha baharini ili kisipepesuke.
Funza: mtoto wa nzi au nyigu kabla hajaota mabawa.
Machweo: wakati wa kuchwa kwa jua.
Mlafi: mwenye kula kupita kiasi, bila kuchagua.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Andika maneno SENENE na CHENENE, kila moja katika sentensi yako mwenyewe.
2. Kwa nini chenene wageni wa Marekani walionekana kwanza bandarini?
3. Jina lisilo sahihi lilizuiaje kazi ya kuwatafutia chenene adui?
4. Kuna tofauti gani kati ya nyigu Larra na chura aliyepelekwa Australia?
5. Katika kijiji chenu, je, kuna mdudu, ndege au mmea mgeni ambaye wazee wanakumbuka alipofika? Ulizeni jina lake na mwaka wake, muandike katika daftari la kikundi.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.